Mobutu na kravati: maisha ya mutu mwenye alichagulia wanaume wote nguo

Fungua sanduku ya foto ku nyumba ya zamani ya Kamalondo, Kenya ao Katuba. Foto za mbele ya mwaka wa 1970, wababa wamevala kostimu na kravati. Foto za kisha 1990, kravati zimerudia. Lakini kati pale, karibu miaka 18, kravati hakuna. Ku ndoa, ku kilio, ku biro, ku foto ya wakubwa wa Gécamines, wote wamevala koti moja yenye kufungwa paka juu, pengine na fulari ndogo ku shingo.

Vijana wenye kusikiliza radio yetu wanatuuliza mara mingi: ile ilikuwa modi? Ao watu walikosa feza ya kununua kravati? Hapana. Mutu mumoja njo aliamua, na inchi yote ikafuata. Mutu huyo ni Mobutu. Mambo ya vita na ya siasa yake watu wameisha kuyaelezea sana. Leo tunapitia maisha yake kwa mulango wa nguo, juu nguo ilikuwa moja ya vyombo vyake vya kutawala, na watu wa Lubumbashi wanajua vizuri maana ya kuvalishwa na mutu mwingine.

MUTOTO WA MUPISHI

Joseph-Désiré Mobutu alizaliwa tarehe 14 Mwezi wa 10, 1930, Lisala, pembeni ya muto Kongo, katika Equateur. Baba yake, Albéric Gbemani, alikuwa mupishi kwa juji Mubelgiji. Mama yake aliitwa Yemo. Bibi ya ule juji alimupenda mutoto na akamufundisha Kifaransa. Lakini baba alikufa wakati mutoto alikuwa na miaka 8. Tangu pale mutoto akazunguka kwa watu wa jamaa, na masomo akafanya kwa wamisionere, mwisho Coquilhatville, muji wenye leo tunaita Mbandaka.

Lazima tukumbuke ile inchi yenye alikomalia. Wakati wa Wabelgiji, ukiona nguo ya mutu mbali, umeisha kujua kazi yake na mushahara wake. Muzungu alivala nyeupe ao kaki. Mupishi na boyi walivala nguo zenye bwana wao aliwapa. Askari alivala kaki ya serkali. Huku kwetu Elisabethville, mutumishi wa Union Minière alivala salopeti ya bulu. Ile bulu haikuchaguliwa juu ya uzuri. Rangi yake ilikuwa bei rahisi, na inaficha mafuta na vumbi. Hata Wafaransa wenyewe nguo ya kazi ya mafundi wanaiita paka kwa jina ya ile rangi.

Na kostimu? Kostimu na kravati ilikuwa nguo ya mutu mweusi mwenye alisoma, mwenye alitaka serkali imuhesabu kuwa amestaarabika. Karani alichunga mushahara miezi na miezi juu ya kostimu moja. Siku ya Mungu, ile kostimu ilitembea ku barabara za Kamalondo, na kila mutu aliona. Hakuvala paka kwa urembo. Alikuwa anaonyesha kama salopeti si ngozi yake.

Mobutu kijana alijua ile njaa. Mwaka wa 1949 aliingia mu mashua bila ruhusa, akaenda Léopoldville. Wamisionere wakamufukuza ku masomo, na ku mwaka wa 1950 wakamutuma jeshi, Force Publique, kwa miaka 7. Pale alivala kaki kama wengine. Walimupeleka Luluabourg, leo Kananga, akasoma kazi ya karani na hesabu. Alipenda kusoma kila kitu, na akaanza kuandika mu magazeti. Alipotoka jeshi mwaka wa 1956, alikuwa mwandishi wa habari ku gazeti L'Avenir. Ndiyo, wandugu, alifanya kazi yetu hii. Ku foto za ule wakati ni kijana mwembamba, miwani ku macho, kostimu nzuri, kravati imefungwa sawasawa.

KOSTIMU, KISHA KAKI TENA

Mwaka wa 1958 alipelekwa Bruxelles kwa maonyesho makubwa ya dunia. Alirudia kule kusoma na kutumika, na akakuwa karibu na Patrice Lumumba. Uhuru ulipofika tarehe 30 Mwezi wa 6, 1960, aliingia mu serkali ya Lumumba. Siku chache kisha, askari walipoasi, alipewa cheo cha koloneli na kazi ya kuongoza jeshi pamoja na Victor Lundula. Tarehe 14 Mwezi wa 9 ya ule mwaka alitangaza kwamba jeshi linasimamisha wanasiasa.

Mambo yenye kufuata, Lubumbashi haiwezi kusahau. Tarehe 17 Mwezi wa kwanza, 1961, Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa na ndege huku, wakauawa usiku ule mu Katanga ya Moïse Tshombe. Tshombe naye, mutoto wa tajiri wa Musumba, karibu kila foto yake ni kostimu na kravati. Mobutu alikuwa amerudia mu kaki. Mwaka wa 1963, wakati alienda kuonana na Kennedy kule Marekani, alivala nguo ya jeshi.

Tarehe 24 Mwezi wa 11, 1965, alichukua inchi yote. Pale njo mikono yake ilianza kubadilisha majina. Mwaka wa 1966 Elisabethville ikakuwa Lubumbashi, Léopoldville ikakuwa Kinshasa, Stanleyville ikakuwa Kisangani. Mwanzo wa 1967 Union Minière ikachukuliwa na serkali, kisha ikakuja kuitwa Gécamines. Mwaka huohuo akaunda chama chake, MPR, na kisha kila mutu akahesabiwa kuwa mwana-chama tangu tumbo la mama. Mwezi wa 10, 1971, Kongo ikaitwa Zaire. Katanga yetu ikaitwa Shaba.

Kisha majina ya miji, akafikia majina ya watu. Mwanzo wa 1972 majina ya Kikristo ya kizungu yakakatazwa. Yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré, akajiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Kardinali Malula wa Kinshasa alipopinga, alilazimika kwenda Roma kwa muda. Bwana na Bibi wa Kifaransa wakaondolewa, kila mutu akaitwa raia.

Kisha majina, mwili.

MWEZI WA PILI, 1972

Jina abacost linatoka ku maneno ya Kifaransa yenye kusema kostimu iangushwe chini. Mobutu mwenyewe alisema baadaye kwamba alifanya ule uchaguzi Mwezi wa pili, 1972. Ilikuwa koti yenye kufungwa juu, mikono mirefu kwa sikukuu na mifupi kwa siku za kazi, yenye kuvaliwa bila kravati na bila shati ya kola chini. Patalo ya kitambaa kimoja na koti. Mwenye kutaka urembo alitia fulari ku shingo na kitambaa kidogo ku mufuko wa kifua. Wanamuke nao walikatazwa patalo, sketi fupi na nywele za kununua, wakapewa kikwembe.

Neno lenye Mobutu alitumia lilikuwa autentisite: turudie kwetu, tuvue vitu vya mukoloni. Na hapa tuwe wa kweli. Watu wengi walifurahi. Mutu mwenye aliona baba yake akichekwa na muzungu juu ya kravati yenye kufungwa vibaya, alisikia moyo wake unapona. Ku joto ya Kinshasa, kuacha kravati na koti ya sufu haikukuwa upumbavu. Na mutu mwenye hakuwa na feza ya shati tano na kravati tatu alipunguza matumizi.

Lakini angalia ile nguo vizuri. Kola yake ilifanana sana na koti ya Mao wa China. Na abacost zenyewe zenye wakubwa walipenda zaidi zilishonwa Ubelgiji, ku Zellik, karibu na Bruxelles, ku kiwanda cha Arzoni. Kumbe nguo ya kujitenga na Mubelgiji ilinunuliwa kwa Mubelgiji, tena kwa feza ya kigeni, na feza ya kigeni ya Zaire ilitoka zaidi ku shaba ya huku. Mutumishi wa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi alichimba, alichoma, alisafisha, tani zikaenda, na sehemu ya feza ikarudia mu sura ya koti ya mukubwa.

KITAMBAA NJO ILIBAKIA KUSEMA

Mwenye kushona anajua hili jambo kuliko mwanasiasa. Kostimu ya kawaida iko na vitu vitatu vyenye macho yanaangalia: koti, shati, kravati. Mutu anaweza kuvala koti ya rangi moja tu, ya kimya, kisha kravati inasema maneno. Abacost iliondoa shati na kravati. Kilichobakia ni kitambaa chenyewe. Na watu walipokatazwa kuchagua namna ya koti, nguvu yao yote ya kuchagua iliingia mu rangi na mistari.

Karani mudogo alinunua terigali, kitambaa cha kiwandani chenye hakikunjane, kinafuliwa usiku na asubui kimekauka. Alichagua rangi ya majivu, kahawia ao bulu ya kiza, juu zinavumilia vumbi ya Lubumbashi na hazionyeshe haraka kama ni nguo moja ya kila siku. Mukubwa alivala sufu nyepesi ya Ulaya. Ukikaribia, uliona mistari myembamba ao madirisha madogo yenye kufichwa ndani ya kitambaa.

Hapa kazi ya fundi iliamua kila kitu. Koti yenye kufungwa paka juu haina shati wala kravati ya kuficha makosa. Kama kitambaa ni cha madirisha, musitari wa mufuko lazima ukutane na musitari wa kifua, na musitari wa mukono ukutane na wa bega. Hiyo inakula kitambaa zaidi, juu fundi anatupa vipande kusudi mistari ifuatane. Njo maana mutu wa feza kidogo alishauriwa achague rangi moja. Mistari yenye haikutane ilitangaza umasikini kuliko kiraka.

Mobutu mwenyewe alijua kuchagua. Abacost zake mingi ni za rangi ya kimya, majivu ao bulu ya kiza, zenye kushonwa bila kosa. Kelele aliiacha kwa vitu vingine: fulari ya maua, kofia ya ngozi ya chui, fimbo ya kuchongwa. Mukubwa mwingine aliweza kununua koti sawa yake, lakini ile chui ilikuwa ya mutu mumoja. Na vikwembe vilichapwa na sura yake, ikavaliwa ku migongo na ku vifua vya watu wakati walicheza na kuimba sifa zake. Katika televizyo habari zilianza na uso wake wenye kushuka toka mu mawingu.

Vitambaa vya watu wadogo navyo vilianza kukosekana. Tarehe 30 Mwezi wa 11, 1973, Mobutu alitangaza zairianizasyo: maduka na mashamba ya wageni yakapewa Wazairwa, na mara mingi walikuwa watu wa chama. Huku Lubumbashi biashara ya vitambaa ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, Wagiriki na wageni wengine. Maduka mingi yalibadilisha wenyewe, mali ikauzwa, na nyingine haikuagizwa. Amri ilisema uvale abacost, lakini mita ya kitambaa ilipanda bei kila mwezi.

SALOPETI HAIKUBADILIKA

Jambo moja linafaa kuandikwa wazi. Autentisite haikugusa salopeti. Ku atelier, ku migodi na ku njia ya reli, bulu ya Union Minière ilibakia bulu ya Gécamines. Mutumishi aliamuka asubui, pengine alicheza kwanza animasyo ya chama mbele ya bendera, kisha akaingia mu salopeti ileile yenye baba yake alivala kwa Wabelgiji. Waliobadilishiwa nguo ni watu wa biro. Wale wenye kubeba inchi ku mabega walibakia vilevile.

Kwa miaka kazi yao iliendelea kulisha Zaire. Mwaka wa 1986 Gécamines ilifikisha karibu tani 470,000 za shaba. Kisha mashini zikazeeka bila kutengenezwa, feza ikaenda kwingine, na Mwezi wa 9, 1990 mugodi wa Kamoto kule Kolwezi ukaanguka. Kisha muda kidogo shaba haikufika hata tani 50,000 kwa mwaka. Mishahara ikachelewa, ikakosa, na salopeti yenye kupasuka haikubadilishwa tena.

Wakati ule, vijana walikuwa wameisha kujibu kwa namna yao. Kule Kinshasa Papa Wemba na watu wa Sape walivala kostimu za Ulaya na Japani, rangi za kupigana, viatu vya bei ya nyumba. Stervos Niarcos aliiita hata dini ya kitendi. Wengine waliwacheka. Lakini mu inchi yenye raisi alichagua koti ya kila mwanaume, kijana mwenye kuvala koti ya rangi yake alikuwa anasema jambo, hata kama yeye mwenyewe alifikiri ni urembo tu.

SIKU YENYE KRAVATI ILIRUDIA

Tarehe 24 Mwezi wa 4, 1990, ku N'Sele, Mobutu alisimama mbele ya chama chake, akiwa amevala nguo ya marishali. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka, rafiki zake wa Ulaya na Marekani walikuwa wamechoka, na watu wa inchi walikuwa wameandika malalamiko yao kwa maelfu. Akatangaza mwisho wa chama kimoja. Machozi yalimutoka, na inchi yote iliyaona.

Ndani ya hotuba ileile alizungumuza kravati. Alisema kila mutu yuko huru sasa kuvala anavyotaka. Lakini yeye, akikaribia miaka 60, hatabadilika. Hawatamuona na kravati. Fikiria: siku mutu anaacha nguvu za miaka 25, anachukua wakati wa kusema juu ya kipande cha kitambaa cha shingo. Alijua kama watu watasikia pale kuliko ku maneno ya sheria. Na kweli, kravati zilitoka mu masanduku mbiombio. Wababa wenye walikuwa wamesahau kufunga walifundishana mbele ya kioo.

Huku kwetu ile furaha haikudumu wiki tatu. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mwezi wa 5, wauaji waliingia ku kampusi ya Universite ya Lubumbashi. Wanafunzi waliuawa. Serkali ilikubali kifo kimoja tu. Wengine walisema makumi, wengine zaidi, na ubishi haujaisha mupaka leo. Ubelgiji ikasimamisha musaada wake. Uhuru wa kravati ulikuwa umetolewa. Uhuru wa kusema ulikuwa bado unalipwa kwa damu.

Mobutu alitimiza neno lake. Mu miaka 7 yenye kufuata, wakubwa wengi mbele yake walivala kostimu na kravati, na yeye alibakia na abacost yake, fulari, chui na fimbo. Mutu mwenye alivalisha inchi yote koti moja akakuja kuwa karibu peke yake ndani yake. Tarehe 9 Mwezi wa 4, 1997, askari wa AFDL ya Laurent-Désiré Kabila waliingia Lubumbashi. Katikati ya Mwezi wa 5 Mobutu alikimbia Kinshasa, kansa ya prostate ikimukula. Alikufa Rabat, Moroko, tarehe 7 Mwezi wa 9, 1997, na kule njo yuko mupaka leo, ku makaburi ya Wakristo.

SANDUKU YA BABA

Baba yangu alikuwa karani. Alikuwa na abacost mbili za terigali, moja ya majivu na moja ya kahawia. Kisha 1990 hakuzitupa. Alizikunja, akazitia mu sanduku pamoja na dawa ya kufukuza wadudu. Mama alimuuliza mara mingi kwa nini asizikatie watoto patalo, hakujibu.

Wakati alikufa, jamaa walikaa na wakabishana nguo gani atavala. Wadogo zake walitaka kostimu na kravati, juu walikumbuka vizuri amri za zamani na hawakutaka hata sanduku la Mobutu lifunguliwe. Dada yake mukubwa alitaka ile abacost ya majivu, juu ndani yake njo alioa na ndani yake njo alibatizisha watoto. Kila mumoja alikuwa na haki yake. Mwisho mama akasema hajaulizwa. Akachagua kostimu ya bulu ya kiza na shati nyeupe, kola wazi, bila kravati, juu baba alikuwa anasikia joto na siku zote alifungua kifungo cha juu akiingia nyumba. Hakuna mutu alibisha tena.

Leo ku Lubumbashi vijana wanachagua. Mwanafunzi mwenye kumaliza, kijana mwenye kuoa, wanakaa kwa fundi na kubishana mistari, madirisha, rangi moja. Watumishi wa migodi wanavala salopeti zenye mikanda ya kung'aa, na rangi bado inachaguliwa na kampani. Ukiwa na foto ya baba ao babu ndani ya abacost, usiitupe. Muulize mwenye iko ndani, kama angali muzima, alinunua kile kitambaa wapi, kwa bei gani, na siku gani aliivua.